Watawa, magofu na majumba ya wafalme: maswali yenu kuhusu picha za Wajerumani

Wiki iliyopita niliwawekea picha tatu za Wajerumani wa karne ya 19: ile ya watawa kwenye theluji, ile ya mfalme anaingia mjini na farasi, na ile ya jumba la Neuschwanstein. Nikajua mtapita kimya kimya kama kawaida, kumbe mmenijazia maswali. Yanayofanana nimeyaunganisha, yale ya matusi nimeyaacha yalale. Twende.

Morogoro: Hawa watu waliishi zama za treni na viwanda, kwa nini wanachora watawa na askari wa deraya? Hawakuyaona mambo ya wakati wao?

Waliyaona sana, na ndo sababu yenyewe. Ila hiyo treni kidogo tuiweke sawa, ya kwanza Ujerumani ilianza 1835 kati ya Nürnberg na Fürth, na huu ugonjwa wa kupenda Zama za Kati (yaani karne ya 5 hadi ya 15 hivi) ulishaanza kitambo kabla ya hapo. Rudi 1806. Nchi inayoitwa Ujerumani haipo, kuna vidola vingi tu kila kimoja na mtawala wake, juu yao kuna Dola Takatifu la Kirumi ambalo lilikuwa limechoka ila limedumu karibu miaka elfu, afu anakuja Napoleon, mtawala wa Ufaransa, na mwezi wa nane mwaka huo dola linavunjwa. Miaka mitatu nyuma, 1803, mali za Kanisa zilishachukuliwa, monasteri zimefungwa, picha za altare za karne ya 15 zinauzwa bei ya kutupa. Huko Köln ndugu wawili, Sulpiz na Melchior Boisserée, wakawa wanazunguka kuziokota na kuzinunua, mwaka 1827 mkusanyo wao ukanunuliwa na mfalme Ludwig wa Kwanza wa Bavaria na ndo maana leo ukitaka kuziona unaenda Munich, mji mkuu wa Bavaria.

Sasa we kijana wa miaka 20 wakati huo, ukifungua dirisha unaona askari wa Kifaransa. Unajiuliza sisi tuliwahi kuwa kitu lini? Jibu likawa: zamani, enzi za makaisari na makanisa makubwa. Ukweli ni kwamba hata hiyo zamani hawakuwa kitu kimoja, walikuwa wanapigana wenyewe kwa wenyewe, tauni inawamaliza, lakini hayo nani atachora? Mi nikiangalia picha hizi siangalii sana mwaka wa tukio, naangalia mwaka mchoraji aliposhika brashi. Wa 1810 wanaomboleza, wa 1840 wana matumaini, wa 1880 wanajisifu. Shikilieni hilo, maswali mengi huko chini yatarudi hapo hapo.

Tanga: Ile ya watawa inanitisha bana. Hilo kanisa lililobomoka lipo kweli? Na wale watu wadogo chini wanafanya nini?

Lipo na halipo. Mchoraji ni Caspar David Friedrich, kazaliwa 1774 Greifswald, mji wa pwani ya Baltiki. Nje kidogo ya mji kuna magofu ya Eldena, monasteri iliyofungwa karne ya 16 wakati wa Matengenezo ya Kiprotestanti, baadaye watu wakawa wanang'oa matofali yake kwenda kujengea mambo yao mengine. Friedrich aliyachora magofu hayo tena na tena. Kwenye picha hii, Abtei im Eichwald, ya 1809 hadi 1810, kachukua ukuta mmoja wenye dirisha refu lisilo na kioo, kautoa mahali pake kaupandikiza katikati ya mialoni mikavu ambayo Eldena haikuwepo. Kwa hiyo ukienda Greifswald na picha mkononi kutafuta pale aliposimama utazunguka hadi uchoke.

Sasa sogea karibu uangalie chini, maana wengi wanaishia kwenye miti. Kuna msururu wa watawa wamevaa nguo nyeusi, wamebeba jeneza, wanaingia kwenye lango la ule ukuta. Langoni kuna msalaba na vijitaa viwili. Huku mbele kwenye theluji kuna kaburi limeshachimbwa, liko wazi, na wao wanalipita! Misalaba ya makaburi imeinama huku na huku. Nusu ya chini yote ni ukungu na giza, nusu ya juu mwanga wa njano hafifu, na ukikodoa macho utaona mwezi mwembamba ambao kwenye simu hauonekani kabisa.

Jiulize, nani anaingiza maiti kwenye kanisa lisilo na paa wala ukuta wa nyuma? Watawa wa Eldena walishaondoka zaidi ya miaka 250, na Friedrich mwenyewe ni Mlutheri, hana watawa. Sio historia hiyo. Wapo wanaosema anazika lile dola lililovunjwa, wapo wanaosema anazika imani ya zamani, wengine wanasema anajizika mwenyewe. Mi naona yote yanaingia, ila ukikumbuka ni 1810 na Wafaransa wametawala kila kona, hilo la kwanza siwezi kulitupa.

Picha ilionyeshwa Berlin mwaka huo huo pamoja na ile ya mtawa kasimama peke yake mbele ya bahari, zote mbili zikanunuliwa na mfalme wa Prusia, dola kubwa la Kijerumani la kaskazini, na aliyemsukuma azinunue ni mwanae wa miaka 15. Huyo kijana mkumbukeni, anarudi.

Kisumu: Umesema ile ya mfalme na farasi ni ya "Wanazareti". Ni wa lile kanisa la Mnazareti au ni wengine?

Wengine kabisa. Hawa ni wanafunzi wa sanaa wa Vienna, vijana watupu, mwaka 1809 wakachoshwa na chuo chao maana kila siku ni kunakili sanamu za Kigiriki za plasta, wakaunda undugu wao wakauita kwa jina la Mtakatifu Luka, msimamizi wa wachoraji. Viongozi ni Friedrich Overbeck na Franz Pforr. 1810 wakafunga safari mpaka Roma, wakapanga kwenye monasteri ya Sant'Isidoro ambayo wenyewe walikuwa wameondolewa na Wafaransa, kila mtu na chumba chake kama mtawa, mchana kazi, jioni wanakutana kuangaliana michoro, wakihitaji mtu wa kumchora wanasimamiana wao kwa wao. Wakaacha nywele ndefu na kuvaa majoho, Warumi wakiwaona barabarani wanawacheka, jina la Wanazareti ni la kejeli ambalo likaganda.

Ile picha ni ya Pforr: mfalme Rudolf wa Habsburg anaingia Basel mwaka 1273. Angalia rangi, nyekundu ni nyekundu kweli, buluu ni buluu, mistari imekatwa kavu, vivuli karibu hakuna. Huyu hakushindwa kuchora, alisoma chuoni, anajua vivuli vizuri tu. Aliamua kuchora kama wazee wa zamani kabla ya Raphael, yule mchoraji mkubwa wa Italia, kukomaa, kwa sababu aliamini ule ustadi mwingi wa chuo umeua ukweli. Na kuna kitu kinanichekesha kila nikiiona: tukio ni la 1273 lakini watu wamevaa nguo za enzi za Dürer, mchoraji wa Kijerumani wa miaka ya 1500 hivi, yaani zaidi ya miaka 200 baadaye. Kwake yote ni "zamani" tu, kapu moja.

Pforr kafa 1812 na kifua kikuu, ana miaka 24. Overbeck akaingia Ukatoliki, akabaki Roma mpaka kifo chake 1869, na kwa maoni yangu alizidi kuwa mzuri wa kusali kuliko wa kuchora. Ile yake maarufu, Italia und Germania, mabinti wawili wameshikana mikono, aliianza Pforr akiwa hai akaimaliza 1828. Iko Munich.

Arusha: Wanaume kwenye picha za Friedrich mbona wamevaa mabereti makubwa na makoti ya ajabu? Ndo fasheni ya wakati ule?

Ilikuwa siasa. Baada ya vita vya kumtoa Napoleon, 1813 na kuendelea, wanafunzi walianza kuvaa hivyo, bereti ya mahameli, koti refu, kola pana, wanasema ni vazi la Kijerumani la kale, maana yake sitaki suti ya Kifaransa na pia nataka nchi moja yenye katiba. Watawala hawakupenda, 1819 yakapitishwa maazimio ya Karlsbad, vyama vya wanafunzi vikapigwa marufuku, magazeti yakaanza kukaguliwa na hilo vazi likawa la kukutia matatani. Na ndo wakati huo huo Friedrich anachora wanaume wawili wamevaa hivyo hivyo, wamesimama mlimani wanaangalia mwezi. Mgeni mmoja alipomtembelea akaiona, Friedrich akamtania kwamba hao wawili wanapanga njama za uchochezi. Kwa hiyo mnaosema huyu mzee alikuwa wa mandhari tu, hapana.

Dodoma (na wengine kama sita hivi): Neuschwanstein ni ya mwaka gani? Ilipigana vita gani?

Haikupigana vita yoyote. Jiwe la msingi limewekwa tarehe 5 Septemba 1869, enzi za mizinga mikubwa ambayo ingeibomoa kabla ya chai ya saa nne. Mwenye nayo ni Ludwig wa Pili, mfalme wa Bavaria, mjukuu wa yule Ludwig aliyenunua picha za kina Boisserée. Mwaka 1866 Bavaria ilikuwa upande wa Austria kwenye vita dhidi ya Prusia, wakapigwa, na tangu hapo jeshi lake kukiwa na vita liko chini ya Prusia. Mfalme bila ufalme basi. Mwaka unaofuata akatembelea ngome ya Wartburg kule Eisenach ambayo ilikuwa imetoka kukarabatiwa, na Moritz von Schwind ameshaipaka picha za ukutani za mashindano ya waimbaji na maisha ya Mtakatifu Elisabeth, Ludwig akarudi nyumbani kapagawa, na yeye anataka ya kwake.

Michoro ya kwanza ya sura ya jumba hakuipata kwa msanifu majengo, aliipata kwa Christian Jank, mchoraji wa mandhari za jukwaa la opera. Ukishajua hilo huwezi tena kuliangalia vile vile, lile ni pazia la opera limejengwa kwa mawe. Hata mawe yenyewe ni ya nje tu, ndani yake ni matofali. Afu linaloniuma ni hili: pale juu kwenye mwamba kulikuwa na magofu ya ngome mbili ndogo, za kweli, za Zama za Kati zenyewe, na waliyaondoa ili kupata nafasi ya kujenga Zama za Kati za kuigiza.

Ndani sasa. Kuna mabomba ya maji, vyoo vya kuflashi, kengele za umeme za kuita watumishi, simu, joto linasambazwa kwa hewa ya moto, na kati ya sebule na ofisi kuna pango la kutengeneza lenye taa za rangi. Ni mtu kujenga nyumba ya makuti afu ndani anafunga AC. Chumba cha kiti cha enzi kipo, kiti cha enzi hakikuwahi kuwekwa. Ukumbi wa waimbaji umeigwa kutoka Wartburg, na kumbuka wa Wartburg nao ulikuwa umetoka kupambwa upya karne hiyo hiyo, kwa hiyo ni nakala ya ndoto ya mtu mwingine.

Alijenga kwa pesa zake na madeni, madeni yakazidi, tarehe 12 Juni 1886 wakamchukua humo humo baada ya kutangazwa kuwa hana akili timamu, kesho yake jioni akakutwa amekufa kwenye ziwa Starnberg pamoja na daktari wake. Wiki chache tu baadaye, mwezi wa nane, jumba likafunguliwa kwa watalii wa kulipa. Yeye alikuwa hataki mgeni yeyote akanyage humo. Mwaka 2025 limeingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, pamoja na majumba yake mengine.

Nairobi: Kanisa kuu la Köln si ni la Zama za Kati kweli? Au nalo ni feki?

Nusu kwa nusu, na hadithi yake ndo tamu kuliko zote. Lilianzwa 1248, karne ya 16 kazi ikasimama, pesa hakuna na hamu hakuna. Likabaki vipande vipande, upande mmoja altare imekamilika, upande mwingine mnara haujafika popote na juu yake winchi ya mbao ya kupandishia mawe imeachwa pale pale. Hiyo winchi imekaa juu ya mnara zaidi ya miaka 300! Ilitolewa 1868. Watu wamezaliwa, wamezeeka, wamezikwa, winchi iko pale.

Sasa 1814 huko Darmstadt ikapatikana nusu ya ramani ya mbele ya kanisa, ya Zama za Kati zenyewe, imechorwa kwenye ngozi, ukiiunganisha na mwenzake inapita mita nne kwa urefu, inasemekana walikuwa wanaanikia maharage. Nusu nyingine Sulpiz Boisserée, yule yule wa kuokota picha, akaipata Paris 1816. Kwa hiyo wakawa na mchoro halisi. Na mnamkumbuka yule kijana wa miaka 15 aliyemsumbua baba yake anunue picha za Friedrich? Sasa ni mfalme wa Prusia, Friedrich Wilhelm wa Nne, na mwezi wa tisa 1842 ndo yeye anaweka jiwe la kuendeleza ujenzi. Mprotestanti huyo, anamalizia kanisa la Kikatoliki, kwa sababu kwake lilikuwa alama ya Wajerumani kuwa kitu kimoja. Wananchi wakachanga kupitia chama cha ujenzi, wakacheza mpaka bahati nasibu. Mshairi Heinrich Heine alianza akiunga mkono, baadaye akageuka akaandika mwaka 1844 kwamba halitaisha na siku moja litakuwa zizi la farasi. Likaisha 1880, mita 157, refu kuliko jengo lolote duniani kwa miaka minne hivi. Juu ya dari kumejaa vyuma vya karne ya 19 ambavyo fundi wa 1248 angevishangaa.

Vichekesho viwili. Siku ya sherehe ya kumaliza, askofu mkuu mwenyewe hakuwepo, alikuwa uhamishoni maana serikali ya Prusia ilikuwa kwenye ugomvi na Kanisa Katoliki. Na cha pili, tangu mwandishi Goethe alivyoandika 1772 akilisifia kanisa la Strasbourg watu walishaamini Gothiki, ule ujenzi wa makanisa marefu yenye matao yaliyochongoka, ni mtindo wa Kijerumani, kumbe umezaliwa Ufaransa, na Köln yenyewe imemfuata kaka yake, kanisa kuu la Amiens huko Ufaransa. Wataalamu walishaanza kulisema hilo miaka ya 1840 kazi ikiwa inaendelea. Haikusimamisha hata tofali moja.

Mwanza: Mashujaa wa Kijerumani walivaa kofia za pembe?

Hapana. Hizo ni za jukwaani, Carl Emil Doepler alibuni nguo za opera ya mtunzi Wagner kwa onyesho la Bayreuth 1876, kuanzia hapo kila mtu akajua ndo hivyo.

Mombasa: Na yule mwanamke wa mwambani, Lorelei, ni hadithi ya zamani kiasi gani?

Mwamba wa kwenye mto Rhine ni wa zamani, mwanamke ni wa 1801, kabuniwa na mshairi Clemens Brentano, Heine akamchukua kwenye shairi la 1824 na hapo ndo akawa maarufu hadi watu wakadhani bibi zao walikuwa wanamsimulia.

Bujumbura: Niseme wazi, haya mambo ya ukuu wa kale si ndo yaliyomzaa Hitler?

Moja kwa moja hapana, na mi sipendi watu wanavyoruka kutoka Pforr hadi 1933 kama hakuna kitu katikati. Katikati kuna 1871, Prusia inapiga Ufaransa, Ujerumani inaungana chini ya kaisari Wilhelm wa Kwanza, na ile zamani ya kuomboleza inageuzwa kuwa cheti cha ushindi. Nenda Goslar, kwenye jumba la makaisari, ukutani Hermann Wislicenus kaanza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1870 na kamaliza karibu miaka 20 baadaye: katikati yupo Wilhelm juu ya farasi, Barbarossa, kaisari wa Zama za Kati, anaangalia kutoka mawinguni, pembeni yupo Bismarck, kansela wake. Au Kyffhäuser, mnara wa mita 81 uliozinduliwa 1896. Hadithi ilisema kaisari Barbarossa hajafa, amelala chini ya mlima mpaka siku ya kuinuka (kihistoria alizama mtoni huko Uturuki ya leo mwaka 1190, akiwa njiani kwenda vita vya msalaba). Basi chini wamemchonga anaamka, ndevu hizo, na juu yake kabisa Wilhelm kwenye farasi. Ujumbe haufichiki: mliyekuwa mnamngoja ni huyu.

Hapo picha zimekufa kisanaa, kwangu mimi. Kubwa, ghali, na hakuna swali hata moja ndani yake. Na Wanazi walipokuja walikuta kabati limeshajaa, wakachukua, mpaka Friedrich wa watu wakamvalisha sare yao, akaja kuchukua miaka kusafishika. Kwa hiyo mlaumu anayestahili, na kwenye hilo kundi Wislicenus yuko karibu na mstari kuliko mtawa wa kwenye theluji.

Dar es Salaam: Kuna chochote cha hayo mambo kilichofika kwetu?

Pita pale bandarini uangalie kanisa la Mtakatifu Joseph. Wamisionari wa Kijerumani wamelijenga kati ya 1897 na 1902, mnara mrefu mwembamba, matao yaliyochongoka, Gothiki kabisa, chini ya jua la Dar. Miaka 17 tu tangu Köln imalizike na wao wameshaanza. Kwa mtu wa kule wakati ule hiyo ndo sura ya kanisa, hawakufikiria nyingine.

Mwisho, kutoka kwa msomaji aliyeko Hamburg: Nikipata siku moja Berlin nianzie wapi?

Alte Nationalgalerie, kwenye kisiwa cha makumbusho. Anza na Friedrich, ile ya watawa na ile ya mtawa wa baharini wanazitundika pamoja, simama karibu uone zile taa mbili langoni. Afu tafuta Schinkel, yule msanifu majengo, alikuwa anachora pia, ana mji wa Zama za Kati kando ya mto na kanisa kubwa juu yake, ya 1815, mwaka wa Waterloo, vita vilivyommaliza Napoleon, na utaona hali ya hewa imebadilika kabisa, mawingu yanaondoka na upinde wa mvua uko angani. Halafu ulizia picha za ukutani za Casa Bartholdy, Wanazareti walizipaka kwenye nyumba ya balozi mdogo wa Prusia huko Roma 1816 na 1817, baadaye zikabanduliwa ukutani zikaletwa Berlin, hadithi ya Yusufu na ndugu zake. Ila usiende Jumatatu, wamefunga.